Je, Wajua Kwa Nini Mpira wa Gofu Hufupika Ukishuka Mombasa?

Mchezaji wa ridhaa akitoka Nairobi kuja Mombasa kwa wikendi, kisa huwa ni kile kile. Aini (fimbo yenye kichwa cha chuma) namba 7 iliyokuwa ikimfikisha mita 150 kule Muthaiga au Karen, hapa inauangusha mpira kwenye mchanga ulio mbele ya grini, yaani eneo la majani mafupi lenye shimo. Shimo linalofuata anapiga kwa nguvu zaidi, na safari hii mpira unapinda kulia hadi kwenye majani marefu. Kedi, mbeba fimbo wake, ambaye ameyaona hayo kwa wageni wengi, hamwambii mengi: "Ongeza moja, mzee." Yaani weka hiyo 7, chukua 6, ambayo hupeleka mpira mbali zaidi.

Kedi amesema kweli. Yenye walakini ni sababu inayotolewa baadaye watu wakiwa wamekaa wanakunywa soda: eti hewa ya pwani ni nzito kwa kuwa imejaa unyevu. Wengi wanaamini hivyo, na si ajabu, maana shati limeganda mgongoni na jasho halikauki. Lakini hewa yenye unyevu ni nyepesi kuliko hewa kavu, ikiwa joto na kanieneo ni sawa. Molekuli ya maji ina uzito wa 18 kwa kipimo cha wanakemia, ya naitrojeni 28, ya oksijeni 32. Mvuke unapoingia hewani hukaa mahali ambapo gesi hizo nzito zingekaa, kwa hiyo jumla inapungua. Joto nalo huipanua hewa na kuifanya nyepesi. Kama mambo yangeamuliwa na joto na unyevu peke yake, Mombasa ingekuwa pahali pa kupigia mipira mirefu kuliko Nairobi.

Kinachogeuza hesabu ni kimo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Mombasa iko baharini penyewe. Anayesimama kwenye tii, mahali pa kupigia pigo la kwanza, karibu na maji anabeba kichwani uzito wa hewa yote iliyo juu yake, na uzito huo huibana hewa ya chini. Mita moja ya ujazo ya hewa ya Mombasa, katika joto la kawaida la mchana, ina takriban kilo 1.16. Ya Nairobi haifiki kilo moja. Hewa ya huko juu, basi, ni nyepesi kwa karibu asilimia 15, na unyevu wote wa bandari ya Kilindini hauwezi kuifuta tofauti hiyo. Unaipunguza kwa asilimia moja hivi, basi.

Hapo mjanja atauliza: mbona umbali wa mpira nao haupungui kwa asilimia 15? Jibu ni kwamba hewa haifanyi kazi moja tu kwa mpira. Inauvuta nyuma, ndiyo, lakini pia inaubeba. Fimbo ya gofu ina uso ulioinama, na inapougusa mpira (kwa muda wa nusu ya elfu ya sekunde tu) huuzungusha kinyumenyume. Aini 7 ya mchezaji wa kulipwa huuzungusha mpira karibu mara 7,000 kwa dakika. Mzunguko huo huisukuma hewa iende chini nyuma ya mpira, na hewa nayo huusukuma mpira juu. Mwanafizikia wa Edinburgh, Peter Guthrie Tait, ndiye aliyelishughulikia sana jambo hili miaka ya 1890, wakati wachezaji wengi waliuona mzunguko huo kuwa kasoro. Yeye alionyesha kwamba ndio unaouweka mpira hewani. Alikuwa na sababu ya nyumbani ya kujali, kwani mwanawe Freddie alikuwa bingwa wa ridhaa wa Uingereza mwaka 1896 na 1898.

Vishimo unavyoviona kwenye mpira, kati ya 300 na 500 kwa kawaida, viko hapo kwa kazi hiyo hiyo ya hewa. Huivuruga hewa iliyo karibu na ngozi ya mpira ili ishikamane nao muda mrefu zaidi kabla ya kuachana nyuma, na mvuto wa nyuma unapungua. Mpira laini kabisa ungekwenda karibu nusu ya umbali. Wachezaji wa zamani waliligundua hilo kwa macho kabla ya mwanasayansi yeyote, walipoona mipira iliyochubuka ikiruka vizuri kuliko mipya.

Basi ukishuka Mombasa, hewa nzito inauvuta mpira zaidi lakini pia inaubeba zaidi, na kazi hizo mbili zinapunguziana. Ndiyo maana kwa miji yenye kimo cha namna ya Nairobi makadirio ya kawaida ni tofauti ya asilimia 6 hadi 10 tu. Kwa pigo la mita 150, hiyo ni mita 9 hadi 15. Hatua kati ya aini moja na nyingine ni kama mita 10 au 12. Hesabu ya kedi imetoka sawa, bila karatasi.

Kupinda nako kuna habari yake, na kwa mchezaji wa ridhaa ndiyo habari inayouma zaidi. Wengi wetu tunaotumia mkono wa kulia tatizo letu ni moja: mpira unaanza vizuri, kisha unakwenda kulia kama umeitwa. Kinachotokea ni kwamba uso wa fimbo umefunguka, yaani unatazama kulia, ukilinganisha na njia ambayo fimbo inapita. Mzunguko ule wa kinyumenyume unainama upande, na nguvu ya kubeba nayo inainama pamoja nao. Mpira haujui kulia wala kushoto. Unabebwa kuelekea kule mhimili wake ulikoinamia. Hewa ikiwa nzito zaidi, nguvu hiyo ni kubwa zaidi, hivyo kosa lile lile lililokuwa likikupeleka pembeni mwa njia huko Nairobi linaweza kukutoa nje kabisa hapa. Mgeni anadhani ameharibu mchezo wake ndani ya ndege au kwenye treni. Mchezo wake ni ule ule. Mwaka 1971 Alan Shepard alipiga mipira ya gofu mwezini, mahali pasipo na hewa ya kuupinda mpira hata ukizungushwaje. Huko ndiko pekee ninakoweza kukuahidi mpira ulionyooka.

Kwetu huku itabidi uurekebishe uso wa fimbo. Uangalie mpira wako kama shahidi: upande ulioanza kuelekea unaeleza hasa uso ulikuwa unatazama wapi, na upande ulikopindia unaeleza jinsi uso na njia vilivyotofautiana. Walimu wa zamani walifundisha kinyume, kwamba mpira huanza kufuata njia ya fimbo, mpaka kamera za kasi na rada zikaonyesha kwamba uso ndio wenye sauti kubwa. Ukiona umeanza katikati kisha ukapinda kulia, usianze kuzungusha mabega na miguu. Tazama kwanza mkono wa kushoto ulivyoshika. Ugeuze kidogo kuelekea kulia mpaka ukitazama chini uone vifundo viwili au vitatu vya vidole. Utapiga vibaya kwa siku chache. Vumilia.

Nilisema unyevu hauna hatia kuhusu uzito wa hewa, lakini sikusema hauna hatia kabisa. Hatia yake iko mikononi. Kiganja kikilowa, fimbo inateleza, na mwili bila kukuuliza unakaza. Mkono uliokazwa hauwezi kuuzungusha uso wa fimbo ufunge kwa wakati, na hapo tena mpira unakwenda kulia. Wachezaji wanaoujua mji huu huja na glavu mbili au tatu za kubadilisha na kitambaa kikavu kilichoning'inizwa kwenye mkoba, na hufuta mpini kabla ya pigo, si baada ya kuharibu. Ni jambo dogo mno kuandikiwa makala, ila nimeona linasaidia kuliko fimbo mpya ya bei mbaya.

Halafu kuna upepo, na kwa upepo Mombasa haina mchezo. Klabu ya Gofu ya Mombasa, iliyoanzishwa mwaka 1911, imekaa kando ya barabara ya Mama Ngina, meli zikipita kuelekea bandarini. Ina mashimo 9, kwa hiyo ukitaka 18 unazunguka mara mbili, na mzunguko wa pili mara nyingi si ule wa kwanza kwa sababu upepo umekwisha kuamka. Kusi, inayovuma kuanzia Aprili hadi Oktoba hivi, inatoka kusini na kusini mashariki, moja kwa moja baharini. Kaskazi, ya Desemba hadi Machi, inatoka kaskazini mashariki na kwa kawaida ina upole zaidi. Shimo ulilolizoea Januari likija Julai ni shimo jingine. Nyali, ng'ambo ya daraja, kuna mashimo 18 na miti zaidi, na miti ina udanganyifu wake: ukiwa chini unahisi shwari huku matawi ya juu, mahali mpira wako utakapopita, yanayumba. Tazama juu kabla ya kuchagua fimbo.

Upepo wa mbele unaiba zaidi kuliko upepo wa nyuma unavyotoa. Wachezaji wengi hutumia makadirio haya: upepo wa mbele wa kilomita 16 kwa saa hukula karibu asilimia 10 ya umbali, na upepo wa kasi hiyo hiyo ukiwa mgongoni huongeza karibu asilimia 5 tu. Sababu ni kwamba nguvu ya hewa haikui sambamba na kasi, inakua kwa kasi mara kasi. Mpira unaokwenda mita 60 kwa sekunde, ukikutana na upepo wa mita 8, hewa inauona kama unakuja kwa mita 68, na nguvu inapanda kwa asilimia 28. Upepo ukiwa nyuma, mvuto unapungua lakini na kubebwa kunapungua pia, basi mpira unaporomoka mapema kidogo.

Hapa ndipo silika inapotuponza. Upepo ukiwa usoni, mtu anataka kupiga kwa hasira. Ukipiga kwa nguvu zaidi unaongeza mzunguko, mzunguko unaongeza kubebwa, mpira unapaa kama tiara, unasimama angani, kisha unaanguka karibu na miguu yako, au tuseme hivyo. Kinachofaa ni kuchukua fimbo ndefu kwa hatua moja au mbili, kushika mpini chini kidogo, kuuweka mpira nyuma kidogo kwenye msimamo, na kuzungusha robo tatu tu. Mpira utatoka chini, na kwa mzunguko mdogo. Hauna mbwembwe, wala hautapigiwa makofi, lakini unafika.

Yote haya yanahitaji ujue jambo moja ambalo wachezaji wa ridhaa wengi hawalijui: umbali wao wa kweli. Ukimuuliza mtu aini 7 yake inakwenda wapi, atakutajia pigo bora la maisha yake, tena lililobebwa na upepo. Nenda kwenye uwanja wa mazoezi asubuhi mapema, kabla upepo wa baharini haujaingia, upige mipira kumi kwa aini 7, uondoe mrefu kabisa na mfupi kabisa, kisha upime wastani wa mahali ilipotua, si iliposimama baada ya kubingirika. Fanya hivyo kwa fimbo nne au tano, uandike. Namba zitakuudhi. Ndizo za kutumia.

Na mchezaji wa Mombasa anayepanda Nairobi? Kwake hesabu inageuka: apunguze moja. Ila asifurahie haraka, kwa sababu hewa nyepesi haiubebi mpira juu kama ya huku, hivyo unashuka kwa mteremko mdogo zaidi na unapogusa grini haukubali kusimama upesi. Atakayelenga bendera kama alivyozoea Nyali ataukuta mpira nyuma ya grini. Alenge sehemu ya mbele, auache ubingirike wenyewe.