Harufu ya Tanuri Bila Tanuri: Vitonge vya Protini Vyenye Ladha ya Kitindamlo

Ukiuma kipande cha keki ya chokoleti, utamu unaousikia ulimi ni sehemu ndogo tu ya raha yake. Sehemu kubwa hupanda puani: harufu ya ukoko, ya kitu kilichogeuka kahawia taratibu kwenye joto. Harufu hiyo huzaliwa pale sukari inapokutana na asidi za amino, zile zinazounda protini, kwenye moto mkali. Mkemia Mfaransa Louis Camille Maillard aliueleza mmenyuko huo mwaka 1912, na hadi leo unaitwa kwa jina lake.

Kazi yangu ni teknolojia ya chakula, na swali ninaloulizwa mara nyingi kuhusu vitafunio vya protini visivyookwa, yaani vitonge vya unga wa protini, oti, siagi ya karanga na asali vinavyoviringwa kwa mkono, ni kwa nini ladha yake huwa bapa hata vikitiwa asali nyingi. Jibu langu ni moja: havikuonja moto. Watu huongeza utamu wakati kinachokosekana ni harufu ya kitu kilichoiva. Asiyewasha tanuri hana budi kuazima moto kutoka kwenye viambato ambavyo vimeshaupitia.

Kakao ni kiambato cha kwanza, maana mbegu zake huchachushwa kisha hukaangwa kabla hazijasagwa. Siagi ya karanga ni ya pili, mradi imetengenezwa kwa karanga zilizokaangwa vizuri; ile ya karanga mbichi au zilizopashwa moto juu juu haina msaada wowote hapa. Kahawa ya unga inayoyeyuka ni ya tatu, na kiasi kidogo sana hutosha. Ukitia nusu kijiko cha chai kwenye mchanganyiko wa kakao hutasikia kahawa, utasikia chokoleti iliyokolea.

Kisha kuna oti, ambazo ndizo hupuuzwa kuliko vyote. Wengi huzimimina bakulini moja kwa moja kutoka kwenye pakiti. Mimi huziweka kwanza kwenye kikaango kikavu, moto wa wastani, nikizigeuza kwa dakika 5 hadi 7 mpaka jiko linukie biskuti. Nikishaziepua huziacha zipoe kabisa, kisha huzisaga kwenye blenda ziwe unga wenye chembechembe. Kama una muda wa kufanya jambo moja tu kati ya yote nitakayoyasema, fanya hili. Hakuna kiasi cha vanila kinachoweza kuziba pengo la oti zisizokaangwa.

Chumvi nayo isisahaulike. Unga wa protini, hasa wa njegere na wa soya, una uchungu fulani unaobaki nyuma ya ulimi, na chumvi huupunguza uchungu huo hadi utamu uliokuwepo ukajitokeza. Robo kijiko cha chai kwa bakuli la gramu 300 inatosha. Kumbuka pia kwamba ubaridi hupunguza utamu tunaousikia, kwa hiyo mchanganyiko unaouonja ukiwa vuguvugu utakuwa na utamu hafifu zaidi ukitoka kwenye friji. Kabla ya kuongeza asali, weka kitonge kimoja kwenye friji, kipoe, ukionje, ndipo uamue.

Tukija kwenye unga wenyewe, kosa la kawaida ni kudhani unga wowote wa protini unaweza kushika nafasi ya mwingine. Katika protini za maziwa ya ng'ombe, takribani asilimia 80 ni kaseini na asilimia 20 ni wei, ile inayobaki kwenye maji maziwa yakishagandishwa kuwa jibini. Hizi mbili zina tabia tofauti kabisa. Wei huyeyuka upesi na kunata. Utakoroga ukiona mchanganyiko bado mkavu, utaongeza kijiko kimoja cha maziwa, na ghafla bakuli zima linageuka gundi. Kaseini hunyonya polepole lakini hunyonya mengi, na huendelea kukaza hata baada ya kuacha kukoroga. Protini ya njegere hunyonya sana pia, na huacha chembe zinazosikika kwenye meno usipoipa muda.

Unga wa aina hii hunywa maji kama udongo wa kiangazi: ya juu hutuama kidogo, kisha huzama yasionekane. Ndiyo maana uamuzi kuhusu maji haufanywi papo hapo. Tia kimiminiko kijiko kimoja kimoja, koroga, kisha funika bakuli na uondoke kwa dakika 15. Ukirudi, mchanganyiko uliokuwa unanata vidoleni huenda ukawa unaviringika bila shida, na ule uliodhani uko sawa huenda ukawa unapasuka. Hapo ndipo unaporekebisha. Anayerekebisha mapema huongeza maji, halafu unga, halafu maji tena, mpaka bakuli linajaa na ladha imepotea.

Mpangilio wa kuchanganya nao una maana yake. Mimi huchanganya unga wa protini na siagi ya karanga kwanza, kabla ya asali na maziwa. Mafuta huzifunika chembe za protini na kuzichelewesha kunyonya maji, hivyo kitonge hubaki laini siku nyingi zaidi. Na usichemshe asali ukaimwaga ikiwa moto juu ya wei. Protini za wei huanza kujikunjua na kushikana karibu na nyuzi 70 za Selsiasi, nawe utapata madonge magumu yasiyovunjika tena.

Msingi ninaoutumia ni huu. Gramu 60 za oti zilizokaangwa na kusagwa, gramu 90 za unga wa wei usio na ladha, gramu 90 za siagi ya karanga, gramu 50 za asali, gramu 30 hivi za maziwa, chumvi na vanila. Vinatoka vitonge 16 vya gramu 20 kila kimoja. Pima kwa mizani. Kikombe kimoja cha unga wa protini ulioshindiliwa kinaweza kuzidi kwa mbali kile kilichojazwa bila kushindiliwa, na tofauti hiyo yote inakuja kudai maji. Napendekeza unga usio na ladha kwa sababu ule wenye ladha mara nyingi umetiwa sukralosi, ambayo ina utamu wa takribani mara 600 ya sukari, na hapo utamu hauko tena mikononi mwako.

Hebu sasa tufanye hesabu, kwa sababu hapa ndipo vitafunio vingi vinavyobeba jina la protini huanguka. Chukua mapishi yanayosambaa sana: gramu 100 za oti, gramu 120 za siagi ya karanga na gramu 80 za asali, basi. Oti zina karibu gramu 13 za protini, siagi ya karanga gramu 30, asali karibu sifuri. Jumla ni gramu 43 ndani ya kilokalori 1,300 na ushei. Kila gramu ya protini hutoa kilokalori 4, kwa hiyo protini inachangia asilimia 13 hivi ya nishati. Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya, chakula huruhusiwa kuitwa chanzo cha protini kikifikisha asilimia 12 ya nishati kutoka kwenye protini, na huitwa chenye protini nyingi kikifikisha asilimia 20. Vitonge hivyo vinavuka mstari wa kwanza kwa shida na wa pili viko mbali nao. Ni vitamu, vinashibisha, ila ni vitafunio vya mafuta na sukari.

Msingi wangu hutoa gramu 100 hivi za protini kwenye kilokalori 1,300, yaani karibu asilimia 30. Kitonge kimoja kina gramu 6, sawa na yai moja. Shirika la Afya Duniani linakadiria mahitaji ya mtu mzima kuwa gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ambayo kwa mtu wa kilo 60 ni gramu 50. Vitonge viwili basi vinabeba karibu robo ya hitaji hilo, na sioni sababu ya kula sita kwa mkupuo. Mwenye ugonjwa wa figo aongee na daktari wake kwanza kabla ya kuongeza protini ya aina yoyote.

Ukishaumudu msingi, ladha ni mchezo wa kubadilisha vitu vichache. Kwa ladha ya brauni, ile keki nzito ya chokoleti, toa gramu 20 za oti, weka gramu 20 za kakao. Usiitie kavu. Ikoroge kwanza na yale maziwa yakiwa ya moto, iwe uji mzito, uiache ipoe. Maji ya moto huifungua harufu ya kakao kwa namna ambayo maziwa baridi hayawezi, na ikishapoa haitaidhuru wei.

Karameli yenye chumvi hutoka kwenye tende. Loweka gramu 60 za tende zisizo na kokwa kwenye maji ya moto kwa dakika 10, zichuje vizuri, zisage, uzitumie badala ya asali, na utie chumvi inayozidi kidogo ile ya kawaida. Tende zimebeba maji ya kuloweka, kwa hiyo maziwa punguza au acha kabisa. Hii ndiyo ladha ninayoipenda kuliko zote, na siri yake ni kwamba siagi ya karanga inapaswa kuwa ya karanga zilizokaangwa hadi kahawia iliyokolea.

Keki ya jibini yenye limau ina kemia yake. Kaseini huganda uchachu ukifika pH 4.6 (pH ni kipimo cha uchachu), ndivyo maziwa yanavyokatika ukiyatilia limau. Ukikamulia maji ya limau kwenye unga wa kaseini utapata chembechembe mdomoni. Wei haina tatizo hilo, hustahimili uchachu, kwa hiyo hapa tumia wei na si kitu kingine. Tena, harufu ya limau haimo kwenye maji yake, imo kwenye mafuta ya ganda. Kwangua ganda la njano tu, uache ule weupe wa chini ambao ni mchungu, na maji ya limau tia kijiko cha chai kimoja kwa ajili ya uchachu. Gramu 60 za jibini laini zishike nafasi ya nusu ya siagi ya karanga na maziwa yote. Ladha ya keki ya karoti, kwa mdalasini na kungumanga, ni rahisi, ila karoti ina maji karibu asilimia 88, kwa hiyo ikishakwanguliwa ikamue kwa kitambaa.

Wanaotaka ladha ya kinyunya cha biskuti huniuliza kama wanaweza kutumia unga wa ngano. Hapana. Unga wa ngano ni chakula kibichi, na bakteria huweza kukaa humo bila kuzaliana, wakingoja maji. Mwaka 2009 Marekani ilipata mlipuko wa ugonjwa wa tumbo unaoletwa na bakteria E. coli O157, uliohusishwa na kinyunya kibichi cha biskuti. Kuukaanga unga nyumbani pia si suluhisho: Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani inashauri watu wasijaribu, kwa kuwa bakteria huenda wasife wote. Oti zilizobanwa zimekwisha kupitia mvuke kiwandani. Ukizisaga laini pamoja na siagi ya karanga, vanila na chumvi, utafika kwenye ladha hiyohiyo. Na vitonge vyenye asali visipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja, kwa sababu ya hatari ya botulizimu, ugonjwa wa sumu ya bakteria unaopooza misuli.

Uhifadhi hutegemea maji yaliyo huru ndani ya kitonge. Msingi wa asali na siagi ya karanga ni mkavu kiasi, na hukaa wiki moja kwenye friji ndani ya chombo kinachofunga vizuri. Ukishatia jibini laini, mtindi au karoti, hesabu siku 3. Vyote huvumilia friza kwa miezi miwili.

Utaona kwamba kadiri siku zinavyopita vitonge hukaza. Sehemu ya sababu ni maji kuhama kutoka kwenye asali kwenda kwenye protini, na protini zenyewe kushikana. Sehemu nyingine ni ule mmenyuko wa Maillard, ambao huendelea taratibu hata bila moto, kati ya sukari za asali na protini. Ndiyo maana sigandishi bakuli zima mara moja wala siliachi juu ya meza. Hugawa, nusu friji, nusu friza. Kitonge kilichokaza kikikaa nje dakika 10 hulainika tena.

Kuvichovya kwenye chokoleti hupendeza, lakini angalia mambo mawili. Tone la maji likiingia kwenye chokoleti iliyoyeyushwa huikaza yote, kwa hiyo kausha bakuli na kijiko, na kitonge kilichotoka kwenye friza kikiwa na umande kipanguse kwanza. Pili, wengi huongeza mafuta ya nazi ili chokoleti iwe nyepesi, nayo huyeyuka kwenye nyuzi 24 au 25 tu, chini sana ya siagi ya kakao inayoyeyuka karibu na 34. Ganda la namna hiyo ni la kula palepale kutoka kwenye friji. Vitonge vya kubebwa mkobani viringishe kwenye kakao kavu au karanga zilizokaangwa na kusagwa.