Mizizi ya Kigiriki ndani ya maneno ya Kiingereza

Maneno mengi ya Kiingereza yanayotumika katika sayansi na tiba yameundwa kwa kuunganisha vipande vya Kigiriki cha kale. Kila kipande chenye maana yake huitwa mzizi. Chukua "tele", yaani mbali. Ukiongeza "phone", sauti, unapata "telephone". Ukiongeza "graph", kuandika, unapata "telegraph"; na "scope", kutazama, inakupa "telescope", darubini ya kutazamia nyota. Ondoa "tele" uweke "micro", kitu kidogo, na sasa unatazama vijidudu.

Faida yake huonekana zaidi katika tiba. Mwanafunzi anayejua kwamba "nephr" ni figo, "hepat" ni ini, "arthr" ni maungio, na kwamba "itis" mwishoni huashiria kuvimba, hana haja ya kukariri "nephritis", "hepatitis" na "arthritis" moja moja. Atayatambua hata akikutana nayo kwa mara ya kwanza kwenye mtihani. Ndiyo maana naona ni heri kujifunza mizizi thelathini vizuri kuliko kukariri maneno mia tatu.

Ila lazima ujue pa kukatia. "Helicopter" wengi huikata "heli" na "copter", kumbe ni "helico", mzunguko kama wa parafujo, na "pter", bawa. Hiyo "pter" ndiyo iliyomo katika "pterodactyl", yule mtambaazi wa kale aliyeruka kwa bawa lililoshikiliwa na kidole.

Tena mzizi hukuambia aliyetoa jina aliwaza nini, hata kama alikosea. Mwanakemia Mfaransa Antoine Lavoisier aliita gesi moja "oxygen", yaani mzaa asidi, akiamini kwamba imo katika kila asidi. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mwingereza Humphry Davy akaonyesha kwamba asidi ya hidrokloriki haina oksijeni hata chembe. Jina halikubadilishwa. Mwaka 1842 Richard Owen naye alibuni "dinosaur", mjusi wa kutisha, ingawa wanasayansi wa leo hawawahesabu dinosau kuwa mijusi. Jamaa zao walio hai ni ndege.

"Hydrogen", mzaa maji, ilipata jina linaloifaa: gesi hiyo ikiungua hewani, kinachotoka ni maji.