Kiwanda cha Taa Kinapobadilisha Wakala, Waranti Yako Inabaki kwa Nani?

Taa ya LED ambayo kiwanda kimeiandikia saa 50,000, ikiwashwa saa 12 kila siku, hupita miaka 11 kabla mwanga wake haujashuka hadi asilimia 70 ya ule wa mwanzo. Mkataba wa uwakala wa mauzo mara nyingi ni wa miaka michache tu, kwa hiyo anayenunua taa za shule au zahanati ahesabu mapema kwamba wakala huenda akabadilika taa zikiwa bado darini. Hata jina la kiwanda hubadilika: Philips Lighting iliingia soko la hisa la Amsterdam mwaka 2016, na mwaka 2018 ikajiita Signify, ingawa taa zake ziliendelea kuuzwa kwa chapa ya Philips.

Swali la kwanza ni kama aliyekuuzia alikuwa wakala au msambazaji, na hapa ndipo wanunuzi wengi huumia. Wakala huuza kwa niaba ya kiwanda. Msambazaji hununua mzigo na kuuza kwa jina lake mwenyewe, hivyo malipo ya awali uliyompa utamdai yeye. Kwa Tanzania, uwakala unasimamiwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Ukimlipa wakala wa zamani kwa nia njema kabla hujapata habari kwamba mamlaka yake yamekoma, kwa upande wako malipo hayo huhesabiwa kana kwamba bado anayo. Ndiyo maana tunasisitiza risiti ionyeshe jina la mpokeaji na tarehe.

Swali la pili ni vipuri. Taa ikizimika, mara nyingi kilichokufa si LED zenyewe bali draiva, kile kijisanduku kinachokaa juu ya dari na kuzipa LED umeme wa kiasi zinachohitaji. Kibandiko chake kinaweza kusomeka 900 mA (miliampea, kiasi cha mkondo wa umeme), 27–42 V (volti). Fundi akikosa ya aina hiyo na kufunga ya 1,050 mA, taa itawaka, tena kwa mwanga mkali kuliko mwanzo, na mwenye jengo atafurahi. Lakini LED zinachemka kupita kiwango na zitakufa kabla ya wakati wake. Kipigeni picha kibandiko hicho leo, wakati stoo ya wakala wa zamani bado ina mzigo. Andikeni pia rangi ya mwanga, kwa maana taa za Kelvini (kipimo cha rangi hiyo) 4,000 zikichanganywa na za 6,500, korido moja itakuwa na mianga miwili.

Wakala mpya akijitambulisha, mwombeni barua ya kiwanda inayotaja eneo lake na tarehe ya kuanza, pamoja na maandishi yanayosema kama anapokea waranti za taa zilizouzwa na mtangulizi wake. Akijibu kwa mdomo tu, mwandikieni mtengenezaji moja kwa moja, mkiambatisha risiti na namba za bidhaa.