Mashine ya mionzi ikizimwa, mitokondria bado zina kazi

Kuna swali wagonjwa na ndugu zao wananiuliza kila mara, wengine kwa kunong'ona kabisa kwa sababu wanaogopa: nikitoka kwenye mashine naweza kumbeba mtoto, mionzi si itakuwa imebaki mwilini? Kwa ile tiba ya mionzi ya nje, yani unalala kitandani mashine inakupiga kutoka nje, hakuna kinachobaki. Mashine ikizimwa mionzi imeisha, mbebe mtoto wako. Ila kinachoendelea ndani ya seli baada ya hapo ni habari nyingine, na mimi kama mtu wa baiolojia ya mionzi hiyo ndo habari naipenda kuliko zote, na mhusika mkuu ni mitokondria, vile viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli.

Seli sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo mionzi ikipita inayapasua maji na hapo zinazaliwa radikali za hidroksili, yani vipande vya maji vyenye ukali wa kushambulia, zinaishi nanosekunde tu lakini zinaharibu chochote kilicho jirani. Grei 1 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwenye seli moja inaleta mikatiko kama 1,000 ya uzi mmoja wa DNA, na kama 40 ya nyuzi zote mbili kwa pamoja, na hii ya pili ndo inayoua. Mgonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi kwa kawaida anapata grei 45 hadi 50 kwa mashine ya nje, karibu 2 kwa siku, wiki tano hivi. Hayo yote ya maji na radikali yanaisha kabla hata hujanyanyuka kitandani.

Sasa miaka mingi tulifundishwa kwamba shabaha ni kiini cha seli, basi, ukikosa kiini umekosa kila kitu. Halafu mwaka 1999 wakatokea watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, wana mashine inayoweza kulenga chembe za alfa moja moja, wakazipiga kwenye saitoplazimu tu, yani ile sehemu ya seli iliyo nje ya kiini, kiini hawakukigusa. Seli nyingi zikabaki hai, lakini mabadiliko ya jeni ndani ya kile kiini ambacho hakikuguswa yakapanda mpaka kama mara tatu ya kawaida. Walipoweka dawa inayonyonya radikali, yakapungua. Mimi kila nikisoma jaribio hili nasisimka, maana linakwambia kuna kitu nje ya kiini kinapokea pigo halafu kinalipeleka ndani.

Mitokondria ndo mshukiwa wa kwanza na sababu zipo. Humo elektroni zinapita mfululizo kuelekea oksijeni, na hata siku ya kawaida chache zinavuja na kutengeneza superoksidi, radikali ya oksijeni. Mionzi ikivuruga ule mnyororo, uvujaji unaongezeka, na unaweza kuendelea kwa masaa hata siku kadhaa baada ya mionzi kuisha. Tena mitokondria zina DNA yao wenyewe, duara dogo la herufi 16,569 na jeni 37 tu, haina zile protini za histoni ambazo DNA ya kiini imejifunga kwazo, na njia za kujirekebisha ni chache. Ukitaka ushahidi zaidi, maabara huwa tunatengeneza seli ambazo DNA ya mitokondria imeondolewa kabisa, ukizipiga mionzi lile wimbi la radikali za oksijeni linalofuata baada ya dakika chache halionekani kama kwenye seli nzima.

Na mitokondria ndo zinashika uamuzi wa seli kujiua. DNA ikikatika sana protini ya p53 inaamka, inaita wenzake kama BAX, hao wanatoboa ukuta wa nje wa mitokondria, protini ya saitokromu C inatoka na seli inaanza kujibomoa yenyewe kwa utaratibu. Limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu, zinakufa hivi haraka sana. Uvimbe mgumu mwingi, yani saratani zinazoota kama donge, haufi hivyo, seli zake zinakufa baadaye zikijaribu kugawanyika na kromosomu zilizokatika, kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba kila kitu ni mitokondria.

Lakini kwenye oksijeni hapo mitokondria zinatugusa moja kwa moja kliniki. Seli isiyo na oksijeni inahitaji dozi mara 2.5 hadi 3 ili ife kama yenye oksijeni. Na wanawake wengi wanaofika Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, na saratani ya mlango wa kizazi wamevuja damu kwa muda mrefu, damu iko chini, oksijeni inayofika kwenye uvimbe ni kidogo, na hiyo kidogo mitokondria za uvimbe zinaila. Kumwongezea mama damu ni nusu ya hesabu, nusu nyingine ni kupunguza oksijeni inayoliwa na mitokondria, ndo watu wakafikiria metformini, kidonge hiki hiki cha kisukari, maana kinabana hatua ya kwanza ya ule mnyororo wa elektroni. Kwa panya ilipendeza sana. Kwa watu wenye saratani ya mapafu, majaribio mawili yaliyotoka 2021, moja la Marekani na jingine la Kanada, hayakuonyesha faida, na lile la Kanada waliopewa metformini walifanya vibaya zaidi. Iliniuma, lakini ndo matokeo. (Kama una kisukari usiache dawa zako kwa kusoma hapa, hao walikuwa hawana kisukari.)

Kitu cha mwisho, tafadhali. Kuna watu wanauza vidonge vya kuondoa sumu kwa wagonjwa walioko kwenye mionzi. Kule Quebec wagonjwa 540 wa saratani za kichwa na shingo waligawanywa, wengine wakapewa vitamini E, mwanzoni pamoja na beta karotini, wengine vidonge visivyo na kitu. Madhara ya tiba yalipungua kweli, ila baadaye waliopewa vitamini walikufa wengi zaidi. Zile radikali unazozizima kwa vitamini ndo hizo hizo tunazozitegemea kuua uvimbe. Kwa hiyo vidonge vyako vyote, na mitishamba, weka kwenye mfuko uje navyo siku ya kwanza umwonyeshe daktari kabla hujapanda mashine.