Kupika data, tone la mwisho la pipeti na imani nyingine za maabara ya kemia

Vyuo vikifunguliwa, wanafunzi wa mwaka wa kwanza huingia maabara wakiwa na mzigo waliotoka nao sekondari: kwamba praktikali ni mahali pa kupatia jibu. Nilisimamia praktikali za namna hiyo kwa miaka miwili. Wengi niliowasahihisha walikuwa na A zao za kidato cha sita, kwa hiyo sikuwa nikipambana na ujinga. Walikuwa wamezoeshwa hivyo.

"Ukikaribia jibu la kitabu, umefaulu"

Hii ndiyo mbaya kuliko zote, maana ndiyo mama wa kupika data. Mtu anamaliza titresheni (kudondosha myeyusho mmoja kwenye mwingine mpaka rangi igeuke, ili kujua ukali wake), anachungulia daftari la jirani, anakuta mililita 23.40 naye ana 24.15. Kifutio kinafanya kazi. Sekondari hilo lilimpa alama, kwa nini chuo lisimpe?

Chukua aspirini, ambayo wanafunzi wengi wa kemia duniani huitengeneza mapema kwa asidi salisiliki na asetiki anhidraidi. Ukianza na gramu 2.00 za asidi salisiliki, hesabu haikuruhusu kupata zaidi ya gramu 2.61 za aspirini. Halafu anakuja kijana na gramu 3.1, meno yote nje: asilimia 119! Fuwele zake bado zimelowa, basi. Mwenzake amepata gramu 1.8, kama asilimia 69, anaona aibu, anaandika 2.5.

Huyu wa pili ndiye aliyeniuma siku zote, kwa sababu kazi yake ilikuwa nzuri. Aspirini nyingine ilibaki imeyeyuka kwenye maji ya kusafishia, nyingine ikang'ang'ania karatasi ya kuchujia. Angeyaeleza hayo tu. Kwa kupika amejiingiza mtegoni, maana kipimo kinachofuata hakijui alichoandika. Aspirini safi huyeyuka kwenye nyuzi 135 hivi za Selsiasi. Yenye uchafu huanza mapema na huburuta nyuzi kadhaa kabla ya kumalizika. Ukiidondoshea feri kloraidi ikageuka zambarau, asidi salisiliki bado imo. Mtu aliyeandika mavuno makubwa ya kitu kichafu ana kazi ya kunieleza uchafu huo ni gramu ngapi.

Nimewahi kuipa ripoti ya asilimia 55, iliyofuatilia zile 45 zilipopotelea, alama nyingi kuliko ripoti ya asilimia 96 isiyo na neno hata moja.

"Puliza, kuna tone limebaki"

Usipulize. Pipeti, ule mrija wa kunyonyea na kupimia ujazo, ile yenye tumbo ya mililita 25, imepimwa kiwandani kwa kujua kwamba tone hilo litabaki kwenye ncha. Gusisha ncha kwenye ukuta wa chupa, subiri kidogo, ondoa. Ukipuliza umezidisha. (Zipo pipeti za kupulizwa, nazo huwekewa alama yake.)

Dada yake imani hiyo ni ya kusuuza. Bureti, ule mrija mrefu wenye koki wa kudondoshea, inasuuzwa kwa myeyusho utakaoingia ndani yake, ili maji yaliyobaki yasiuzimue. Wanafunzi wakishalielewa hilo wanasuuza na chupa ya koni kwa asidi ileile wanayoipima, na hapo wameharibu: asidi iliyobaki ukutani inaongezeka kwenye ile mililita 25 waliyoipima kwa uangalifu wote. Chupa ya koni inataka maji yaliyokenekwa tu. Hata ukiiacha imelowa maji hakuna dhambi, kwa kuwa maji hayaongezi wala kupunguza moli, yaani kiasi, za asidi.

"Nimepima gramu 4.00 kwa lita moja, kwa hiyo ni 0.1 M (moli 0.1 kwa lita) kamili"

Kama ni sodiamu haidroksaidi, hapana. Vile vipunje vyeupe hufyonza unyevu na kabonidayoksaidi kutoka hewani. Kwa joto la Dar es Salaam la mwezi wa tatu utaviona vikitota juu ya mizani kabla hujamaliza kusoma namba. Ulichopima ni sodiamu haidroksaidi pamoja na maji usiyoyajua kiasi. Ndiyo maana myeyusho wake hupimwa upya dhidi ya kitu kinachotulia, kama asidi oksaliki. Halafu unarudi kwenye POP (fenolfthalini, kionyeshi cha rangi) yako ya sekondari na waridi lake hafifu. Likikolea kama juisi ya rozela, umepitiliza.

"Kemia ni kukariri"

Jedwali la elementi limebandikwa ukutani. Kinachowapunguza watu darasani ni hesabu za fizikia-kemia.

"Nimevaa glavu, niko salama"

Karen Wetterhahn alikuwa profesa wa Dartmouth College, Marekani, na mtaalamu wa sumu za metali. Agosti 1996 matone machache ya dimethili-zebaki yalimwangukia juu ya glavu ya mpira. Yalipenya. Alifariki Juni 1997. Hamtakutana na kemikali hiyo mwaka wa kwanza, lakini kanuni ni ileile: kila glavu ina kemikali inazozizuia na nyingine zinazoipita kama chandarua kilichotoboka.

Wanafunzi huogopa mlipuko. Mimi niliyoyaona ni vidole vilivyokatwa kwa kulazimisha mrija wa kioo kwenye kizibo, na viganja vilivyoungua kwa sababu kioo cha moto kinafanana kabisa na cha baridi.

Na asidi ikikumwagikia, usikimbilie bezi, kinyume cha asidi, eti uibatilishe juu ya ngozi. Bezi nayo inaunguza, na kubatilishana kwenyewe kunatoa joto. Fungua bomba, maji mengi, dakika 15 au zaidi, huku ukivua nguo iliyolowa. Makoti mazuri ya maabara yana vishikizo vya kubana badala ya vifungo vya kupenyeza: unavuta mara moja, limeachia lote.