Kadi inasema wiki 22, mimi nahesabu miezi minne: maswali ya wajawazito kliniki

Maswali haya huulizwa kila siku ya kliniki, mengine mtu akiwa ameshavaa viatu na mkono uko kwenye kitasa cha mlango.

Nesi, mbona wiki za kwenye kadi zimezidi zangu?

Wewe umeanza kuhesabu mwezi ulipokosa siku zako. Sisi tunaanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa kuwa hiyo uliiona kwa macho, ila siku mimba ilipotunga ni wachache wanaoijua. Kwa hesabu hii ujauzito ni wiki 40, na wiki mbili za mwanzo hata mimba yenyewe haipo.

Ukitaka kukadiria tarehe, rudi nyuma miezi mitatu kisha ongeza siku saba. Hedhi iliyoanza 10 Machi inakupeleka 17 Desemba. Usiishike sana tarehe hiyo, maana wanaojifungua siku ileile hasa si wengi. Kuanzia wiki ya 37 mtoto si njiti tena. Ikipita ya 41, njoo, usiendelee kusubiri nyumbani. Na kama siku zako hurukaruka, au ulishika mimba ukiwa bado unanyonyesha, sema mapema. Utrasaundi ya miezi ya mwanzo hukadiria umri wa mimba vizuri kuliko ya mwezi wa nane.

Natapika mpaka nyongo. Nitamaliza miezi tisa hivi?

Kwa wengi hali huanza karibu na wiki ya sita na kutulia baada ya miezi mitatu. Kula kidogo kidogo, na tafuna kitu kikavu kabla hujashuka kitandani. Ikiwa hata maji hayakai tumboni, au mkojo umekuwa mchache na wa rangi nzito, hiyo si ya kuvumilia, njoo.

Katika miezi hiyohiyo, damu ikitoka, hata matone, usingoje siku ya kliniki. Maumivu makali ya upande mmoja chini ya tumbo pamoja na kizunguzungu huenda yakawa mimba iliyotunga nje ya kizazi. Hapo ni hospitali saa hiyohiyo.

Udongo una ubaya gani? Hamu yake inanizidi.

Mama mmoja aliwahi kufungua pindo la khanga mbele yangu akanionyesha kipande cha pemba, ule udongo wa kutafuna, alama za meno bado mbichi. Sikumgombeza, nilimpima damu. Hamu ya udongo mara nyingi huandamana na upungufu wa damu, na udongo wenyewe huzuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri, mbali na minyoo unayoweza kuibeba humo. Kwa mjamzito tunataka wingi wa damu uwe 11 au zaidi.

Vidonge vya kuongeza damu tunavyowapa hugeuza choo kuwa cheusi, na ndipo wengi wanapoviacha kabatini. Choo cheusi hakina neno. Ila usivimeze kwa chai, maana chai huzuia chuma. Meza kwa maji, ukipata chungwa ni bora zaidi.

Mtoto ataanza kucheza lini?

Mimba ya kwanza, wiki ya 18 hadi 20 hivi. Aliyewahi kuzaa huhisi mapema zaidi, maana anakijua kile kitu kinachojigeuza kama gesi na si gesi. Karibu na wiki ya 20 tumbo la uzazi huwa limefika usawa wa kitovu.

Miezi mitatu ikishapita utaanza kumezeshwa SP ya kuzuia malaria, kila dozi ikipishana na nyingine kwa mwezi mmoja au zaidi. Kama unatumia septrini, tuambie kwanza, dawa hizo hazichanganywi. Chandarua ni cha kulalia, si cha kufunikia vifaranga.

Na hili la kwamba mtoto akikaribia kuzaliwa hutulia, si kweli. Akipunguza kucheza, njoo siku hiyohiyo.

Miguu imevimba. Mama mkwe anasema ni wa kiume.

Mama mkwe tumwachie furaha yake. Miguu kuvimba jioni miezi ya mwisho ni kawaida. Ninachokiogopa ni uso na mikono kuvimba, kichwa kisichosikia panadoli, macho kuona ukungu au vimulimuli, na maumivu chini ya mbavu za kulia. Hizo ni dalili za kuelekea kifafa cha mimba, na presha ya 140/90 kwenda juu inatutosha kushtuka. Si mapepo, na kila saa inayopotea kwa mganga inamkaribiza mgonjwa kwenye degedege.

Nitajuaje kuwa uchungu ni wenyewe?

Ule wa uongo hukaza tumbo bila mpangilio, ukitembea au ukijinyoosha unaachia. Wenyewe huja kwa vipindi, vipindi vinakaribiana, maumivu yanazidi, na mara nyingi ute wenye damu hutangulia. Chupa ikipasuka, vaa pedi au kitambaa safi uangalie rangi ya maji. Yakiwa ya kijani, mtoto amejisaidia humo ndani. Yakiwa meupe, uje vilevile, hata kama huumwi. Mfuko uwe umeshafungwa tangu wiki ya 36, na kadi ikae juu kabisa ya khanga, kwa sababu usiku wa manane hatutaki kuanza kukuuliza hedhi ya mwisho ilikuwa lini.