MP3 uliyoigeuza kuwa WAV bado ni MP3

"Mdundo nimeshaugeuza kuwa WAV, sasa uko safi." Kila wiki kuna anayekuja kurekodi na maneno haya, na flashi mkononi. Si kweli. WAV huhifadhi sauti bila kuibana; MP3 hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa sehemu za sauti ambazo sikio hudhaniwa halitazikosa, na kilichotupwa hakikuhifadhiwa popote. Dakika moja ya MP3 ya kbps 128 (kilobiti 128 kwa sekunde) ni takriban MB 1; ukiigeuza kuwa WAV ya 44.1 kHz (sampuli 44,100 za sauti kwa sekunde), biti 16, stereo, inafika MB 10. Hizo MB 9 za ziada hazina sauti mpya hata chembe.

Unabisha? Fungua faili kwenye Audacity (programu ya kuhariri sauti), bonyeza jina la treki, chagua spektrogramu, yaani picha ya masafa ya sauti. Mara nyingi faili iliyotoka kwenye MP3 ya 128 utaikuta imekatwa kama kwa wembe karibu na masafa ya 16 kHz. Hi-hati zake (matoazi ya mdundo) husikika kama maji yanayochuruzika, na ukiongeza trebo ndiyo unazianika kabisa. Halafu wimbo ukikamilika unabanwa tena kwa kusambazwa: hasara juu ya hasara.

Kuna kero nyingine. MP3 nyingi huanza na ukimya wa milisekunde 25 hivi ulioachwa na programu iliyoibana. Mdundo unachelewa nyuma ya gridi (mistari ya muda kwenye programu ya kurekodia), na ngoma utakazoongeza zinagongana na zilizopo. Vuta karibu, kata ukimya mpaka kiki (ngoma nzito) ya kwanza iguse mstari.

Mwombe prodyuza WAV iliyotoka moja kwa moja kwenye mradi wake: biti 24, bila limita (kizuizi cha sauti kupita kiwango), kilele kisizidi dB -3. Kwa WhatsApp aitume kama dokumenti.

Kuna kauli nyingine pia. "Nikiweka 96 kHz ubora utapanda." Haupandi. Mradi ufuate kiwango cha sampuli cha faili: 44.1 au 48 kHz.

"Nimebadilisha jina, .mp3 ikawa .wav." Umebadilisha jina tu.

"MIDI ni sauti, igeuze tu." MIDI haina sauti ndani yake. Ni maagizo: noti ipi, lini, kwa nguvu gani. Ichagulie ala kwanza, kila treki ala yake, ndipo uitoe kama WAV. Usipofanya hivyo, piano uliyoizoea kwako itasikika tofauti kabisa kwenye kompyuta ya studio.